Barua ya wazi: vimeng'enya vya plastiki viulizwe kwa mizani kabla ya kupewa kibali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira); Mkurugenzi Mkuu wa NEMC (baraza la mazingira la Tanzania); Mkurugenzi Mkuu wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania); na wakurugenzi wa majiji, manispaa na miji.

YAH: VIWANDA VYA KUCHAKATA PLASTIKI KWA VIMENG'ENYA

Waheshimiwa, tunawasalimu.

Vimeng'enya, au enzaimu kama wengine wanavyosema, yaani protini za viumbe hai zinazoharakisha mmenyuko, vinavyoweza kuvunja plastiki vipo na vinafanya kazi. Tunalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu barua hii ina maonyo mengi, na hatutaki mtu aisome akadhani tunapinga. Tunaiunga mkono teknolojia hii. Ombi letu ni kwamba yeyote atakayefika mezani kwenu na andiko la "kiwanda cha kumaliza taka za plastiki kwa bakteria", akiomba kibali, ardhi na msamaha wa kodi, aulizwe maswali ya mizani: kilo ngapi za plastiki gani zinaingia, kilo ngapi za nini zinatoka, na nani anazinunua. Asiyeweza kujibu kwa kilo arudishwe akapime.

Tuanze na aina ya plastiki. Geuza kopo la maji ya kunywa utazame kitako chake: ndani ya pembetatu kuna namba 1. Hiyo ni PET, na katika jalala la kawaida ndiyo plastiki ambayo vimeng'enya vya leo vinaivunja kwa kasi inayofaa kiwanda. Mnyororo wa molekuli yake umeungwa kwa vifungo vya kikemia viitwavyo esta, na vifungo vya jamii hiyo vimo pia kwenye kutini, lile gamba jembamba linalofunika majani ya mimea. Kuvu na bakteria wanaoozesha majani wamekuwa wakilikata gamba hilo tangu zama na zama, hivyo meno wanayo tayari. Madumu, ndoo, viti, mifuko laini na vifuniko vya makopo hayohayo ni polithini na polipropilini, zilizoungwa kaboni kwa kaboni bila esta hata moja. Kimeng'enya cha PET kikikutana na dumu la lita 20 hakina pa kushika. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kilitangaza mwaka 2024 mabuu wa jamii ya Alphitobius wanaokula stairofomu, na ni utafiti wa kujivunia katika ukanda wetu, lakini safari ya kutoka kwenye trei ya mabuu hadi tani kwa siku bado ni ndefu. Kwa hiyo andiko likisema "plastiki zote", hapo hapo pana kasoro.

Historia yenyewe inafundisha. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walimtangaza bakteria Ideonella sakaiensis, aliyepatikana kwenye eneo la kurejeleza chupa mjini Sakai. Kwa nyuzijoto 30, bakteria huyo alihitaji takriban wiki sita kumaliza utando mwembamba wa PET iliyo laini. Habari ikavuma dunia nzima, na ndiyo inayonukuliwa mpaka leo kwenye maandiko ya wawekezaji. Kilichosogeza mambo kuelekea kiwandani ni kimeng'enya kingine, LCC, kilichotokana na mboji ya majani na matawi, Japani hukohuko, na kuelezwa mwaka 2012. Mwaka 2020 watafiti wa Toulouse wakishirikiana na kampuni ya Carbios ya Ufaransa walikibadilisha amino asidi nne, yaani viungo vinne vya mnyororo wa protini yake. Mbili ziliunganishwa kwa daraja la salfa mahali ambapo awali palihitaji kalsiamu ili umbo lisifumuke kwa joto. Nyingine mbili ziliongeza kasi na ustahimilivu. Kikavunja asilimia 90 ya PET ndani ya saa zisizozidi 10, kwa nyuzijoto 72, kwa gramu 200 za PET katika kila kilo ya mchanganyiko na miligramu 3 za kimeng'enya kwa kila gramu ya PET. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilileta kingine kinachofanya kazi kwenye nyuzijoto 50.

Pamoja na hayo yote, kiwanda kikubwa cha Carbios kilichopangwa kujengwa Longlaville, cha tani 50,000 kwa mwaka, kiliahirishwa mwishoni mwa 2024 huku fedha zikiendelea kutafutwa. Kama waliobuni teknolojia yenyewe wanahesabu mara mbili, sisi tuhesabu mara tatu.

Sasa tuingie ndani ya tangi, kwa maana hapo ndipo miradi hufia.

Weka kopo la maji ndani ya beseni, kisha mimina ndani yake maji yaliyochemka. Linajikunyata na kupoteza umbo. Kopo liliumbwa kwa kuvutwa na kupulizwa, na PET ikipita nyuzijoto 70 hivi minyororo yake inalegea na kutaka kurudi ilikotoka. Kimeng'enya kinahitaji ulegevu huo huo ili kupenyeza meno, ndiyo maana tangi linashikiliwa kwenye nyuzi 65 hadi 72. Shida ni kwamba minyororo iliyolegea huanza pia kujipanga kuwa fuwele, na fuwele hazimeng'enywi. Tangi zima basi ni mbio kati ya kimeng'enya kinachokata na fuwele zinazokua. Ukichelewa, unabaki na poda ngumu isiyoliwa hata uongeze kimeng'enya mara mbili.

Kiwiliwili cha kopo tayari kina fuwele asilimia 30 na zaidi, kwa sababu ya ule mvuto wa kuumbwa. Mdomo wenye hesi haukuvutwa, umebaki laini, yaani bila fuwele nyingi. Ukitumbukiza vipande vya makopo moja kwa moja kwenye kimeng'enya, sehemu za mdomo na kitovu cha kitako zitaanza kuliwa huku kiwiliwili kikibaki karibu kama kilivyokuwa. Mtu anayekuonyesha majaribio mazuri muulize alitumia sehemu gani ya kopo.

Kwa hiyo kabla ya kimeng'enya lazima PET iyeyushwe kwenye ekstruda, mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma nje kama uzi, kwa nyuzijoto 260 hadi 280, kisha ipozwe ghafla ndani ya maji. Chukua uzi uliotoka, uuvunje, utazame pale ulipokatikia. Ukiwa angavu kama kioo, umepoa vizuri. Ukiwa na kiini cheupe kama ute wa yai lililochemshwa, umepoa polepole katikati na fuwele zimejijenga. Uzi huo ni mnene mno au maji ya kupozea yamepata joto. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam maji ya kupozea hupanda joto haraka yasipozungushwa, kwa hiyo mnara wa kupozea uwemo kwenye michoro tangu siku ya kwanza. Kipimo cha uhakika ni cha DSC, kifaa kinachopasha sampuli joto ili kupima fuwele, na kisipoonyesha fuwele chini ya asilimia 15 hakuna haja ya kuendelea. Pasipo kifaa hicho, uzito wa ujazo unasaidia: PET isiyo na fuwele ina gramu 1.335 kwa sentimita ya ujazo, na fuwele tupu 1.455.

Baada ya hapo inasagwa kuwa poda isiyozidi nusu milimita. Msuguano wa kinu huzalisha joto. Likipita nyuzi 70, PET laini inanata kwenye visu na kuziba chujio, na ile isiyonata inarudi kuwa na fuwele. Kinu kipozwe, na vumbi lake lizuiwe. Kiwanda kinachosaga plastiki kuwa poda bila vichujio vya hewa na vya maji machafu kinatengeneza mikroplastiki kwa tani. Sharti hilo liandikwe kwenye cheti cha mazingira kwa maneno hayo hayo.

Hesabu ya tangi la kilo 1,000 ni hii: kilo 200 za poda, kilo 800 za maji, gramu 600 za protini ya kimeng'enya. Kadiri mnyororo unavyokatika inatoka asidi ya tereftaliki, moja ya malighafi mbili za PET, pH (kipimo cha uasidi) inashuka, na kimeng'enya kinapunguza kasi. Pampu inaongeza kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ili pH ibaki 8. Kwa kuvunja asilimia 90 zinahitajika kilo 75 za kostiki. Kisha kioevu kinachujwa, kinapitishwa kwenye mkaa tendaji kuondoa rangi, na kutiwa kilo 92 hivi za asidi ya salfuriki ili asidi ya tereftaliki igande na kutuama. Zinapatikana takriban kilo 156 za asidi hiyo, na kilo 58 za ethilini glaikoli, malighafi ya pili, zinabaki zimeyeyuka ndani ya maji. Na zinapatikana kilo 133 za salfeti ya sodiamu, ambayo ni chumvi.

Tunaomba namba hiyo ya mwisho isomwe tena. Kwa kila kilo 3 za makopo zinatoka kilo 2 za chumvi. Chumvi hii haina sumu kali, na viwanda vya vioo, sabuni za unga na upakaji rangi vitambaa huinunua ikiwa safi na kavu. Kuikausha kunakula mvuke mwingi. Kiwanda kisichokuwa na mkataba wa kuiuza kitaishia kuimwaga mtoni kama maji ya chumvi, na mto Msimbazi wa Dar es Salaam umebeba ya kutosha. Njia nyingine ipo: mwaka 2025 watafiti wa maabara ya nishati ya NREL ya Marekani na Chuo Kikuu cha Portsmouth walionyesha kuwa ukitumia amonia badala ya kostiki unaweza kuitoa tena kwa joto na kuirudisha tangini, chumvi ikapungua karibu yote. Mwombaji kibali aseme anatumia ipi kati ya hizo mbili. Akisema kostiki, aonyeshe mnunuzi wa chumvi. Akisema amonia, aonyeshe jinsi anavyozuia uvujaji wake.

Kuna na antimoni, kichocheo kinachotumika kutengeneza PET. Kila tani ya makopo inayo gramu 200 hadi 300. Ndani ya kopo imetulia; kopo likishavunjwa inahamia kwenye kioevu na tope. Tope hilo, pamoja na rangi na poda iliyogoma, ni taka hatarishi mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo.

Umeme nao. Tangi lililofunikwa vizuri hushika joto kwa saa nyingi baada ya umeme kukatika, lakini mkorogo umesimama na pampu ya kostiki imesimama. Poda inatuama, pH inaporomoka, kimeng'enya kinalala, na muda wote huo fuwele zinaendelea kukua kwa sababu joto bado lipo. Umeme ukirudi baada ya saa nne, sehemu kubwa ya mzigo imeshapotea. Kinachotakiwa ni jenereta inayobeba mkorogo na pampu peke yake, ambavyo havili umeme mwingi, pamoja na koili ya maji baridi ya kushusha joto chini ya nyuzi 60 iwapo katizo litazidi nusu saa. Michoro mingi huweka jenereta kwa ajili ya ofisi na taa.

Sasa soko, ambalo kwa maoni yetu ndilo swali kuu. Kutoka tani moja ya PET, ikivunjwa yote, unapata kilo 865 za asidi ya tereftaliki na kilo 323 za glaikoli. Jumla inazidi tani kwa kuwa maji nayo yameingia kwenye mmenyuko. Bidhaa hizi si chupa. Lazima ziende kwenye kiwanda cha kuunganisha polima ndipo ziwe PET tena. Wafungashaji wetu wa maji na soda wanaumba chupa kutokana na punje za PET zinazoagizwa kutoka nje. Ina maana asidi yetu itapakiwa kwenye kontena, itapanda meli bandarini Dar es Salaam, ikaunganishwe mbali, kisha tuuziwe punje. Huenda bado ikalipa, huenda isilipe. Ila hesabu hiyo iwe na nauli ndani yake, na barua ya mnunuzi iambatishwe.

Kwa sababu hiyo tunaomba makopo meupe, yaani angavu yasiyotiwa rangi, yaliyo safi yaachwe kwa warejelezaji wa kawaida waliopo leo, wanaosaga, kuosha kwa kostiki ya moto, kukausha na kuuza chengachenga. Kwa kopo jeupe njia yao ni rahisi, inakula nishati kidogo, na imeshaajiri watu. Kimeng'enya kina faida mahali ambapo wao wanakwama. Hakijali rangi, hakijali kama mnyororo umeshafupika kwa kurejelezwa mara nyingi, hakijali unyevu uliokata mnyororo ndani ya ekstruda. Kipewe makopo ya kijani na ya kahawia, trei za vyakula, mikanda ya kufungia mizigo, na poliesta ya nguo. Jezi za michezo na mabango ya kitambaa ni PET ile ile iliyovutwa kuwa nyuzi. Mabaki ya karakana za ushonaji yasiyochanganywa ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, maana fundi anajua anakata kitambaa gani. Mabelo ya mitumba ni kazi ngumu zaidi: pamba iliyochanganywa na poliesta inaungua na kuwa kahawia ndani ya ekstruda kabla PET haijayeyuka vizuri, na vifungo, zipu na nyuzi za kuvutika vyote vinatakiwa kutolewa kwa mkono.

TBS inaweza kuifanyia kazi hii mambo makubwa bila shilingi ya mwekezaji. Adui wa PET ni PVC. Ukiosha chengachenga ndani ya beseni la maji, vifuniko na lebo za polipropilini vinaelea, PET inazama. PVC nayo inazama, kwa sababu uzito wake unakaribiana na wa PET. Ikiingia ekstruda inatoa asidi ya hidrokloriki, inaila mashine na kuiunguza PET yote iliyo karibu. Lebo za soksi, zile zinazovishwa kopo na kubanwa kwa joto, zinaweza kuwa za PVC na macho hayatofautishi. Zikatazwe kwenye chupa za vinywaji. Gundi ya lebo iwe inayoachia kwenye maji ya kostiki ya nyuzijoto 80. Rangi za chupa zipunguzwe. Kiwango cha namna hiyo kinamsaidia mrejelezaji wa leo na wa kesho kwa pamoja.

Halmashauri nazo zina lao. Kopo lililolala na mabaki ya ugali na mafuta kwenye gari la taka lina gharama ya kuosha kubwa kuliko thamani yake. Kopo lililookotwa safi dukani, stendi au ukumbini ni malighafi. Waokota makopo wanalijua hili kuliko ofisi yoyote. Wanahitaji mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo kwenye vituo vya kununulia, bei iliyobandikwa ukutani, glovu, buti, na meza ya kuchambulia yenye kivuli. Mwokotaji mzoefu anatenganisha PET na PVC kwa kukunja tu: PVC ikikunjwa inaacha mstari mweupe, PET kwa kawaida haiachi. Ujuzi huo ulipwe kwa kilo iliyochambuliwa, bei yake iwe juu kuliko kilo ya mchanganyiko.

Kuna pendekezo linalorudi mara kwa mara, la kunyunyizia bakteria juu ya dampo la Pugu Kinyamwezi au mengine. Tunaomba likataliwe. PET ndani ya dampo imechanganyika na kila kitu, ina fuwele, haina maji ya kutosha, joto halifiki nyuzi 60 kwa utulivu, na bakteria aliyezungukwa na maganda ya ndizi hana haja ya kuhangaika na kopo. Zaidi ya hayo, vimeng'enya vya kiwandani hutengenezwa na vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba. Kinachoruhusiwa kutoka nje ya tangi la kuvikuzia ni protini iliyochujwa peke yake. Vijidudu viuliwe kwa joto na vipimo vya kila toleo, yaani kila mzigo wa tangi, vihifadhiwe, kama zinavyotaka kanuni za mwaka 2009 zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Tunachoomba kianze mapema ni jaribio dogo la umma, ndani ya chuo kikuu chenye karakana ya uhandisi wa kemikali. Tangi la kilo 100 linatosha: kilo 20 za poda, kilo 80 za maji, gramu 60 za kimeng'enya, kilo 7.5 za kostiki. Marobota yatoke Dar es Salaam, Mwanza na Arusha kama yanavyouzwa, bila kupambwa. Yapimwe kabla ya kuchambuliwa na baada, yaoshwe, yayeyushwe, yasagwe, na kila toleo lirudiwe mara tatu, moja wapo umeme ukizimwa makusudi saa ya tatu. Kila kilichoingia na kilichotoka kiandikwe: PET, vifuniko, mchanga, maji, kostiki, asidi, chumvi, tope, yuniti za umeme. Jedwali hilo lichapishwe kwa Kiswahili, na NEMC ilitumie kupimia kila andiko la mwekezaji litakalofuata.

Wataalamu wa kuendesha jaribio hilo wapo nchini. Tuko tayari kukaa na maofisa wenu kuandaa fomu ya vipimo na masharti ya cheti, wakati wowote mtakapotuita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakemia, wahandisi wa michakato na warejelezaji wa plastiki